Lubumbashi: Kelele za bomba la moshi si alama ya ukubwa

Saa tano ya usiku mji umetulia. Wagonjwa wamelala, na akina mama wanaoamka saa kumi kwenda sokoni wamekwisha kufunga macho. Mara gari moja linapita barabarani kwa mlio unaotikisa vioo vya madirisha. Si lori la madini. Ni gari dogo la watu watano, na mwenyewe amelipa fundi ili lilie namna hiyo.

Kwa vijana wengi wa Lubumbashi mlio huo ni fahari. Lakini kabla ya kushangilia, yafaa kujua ni kitu gani kimekatwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hutoa mapigo ya moshi 100 kwa kila sekunde. Kopo kubwa lililo chini ya gari kwa nyuma, yaani sailensa, lina vyumba na mirija yenye matundu. Humo ndani sauti hugongana, hurudi nyuma na kupungua nguvu kabla moshi haujatoka nje. Fundi anapolitoa kopo hilo na kuchomelea bomba lililonyooka, haongezi kitu kwenye gari. Anaondoa tu kile kilichokuwa kinazuia kelele.

Wenye magari hayo husema kwamba injini inapata nguvu zaidi. Kwa gari la kawaida lililotoka kiwandani, faida hiyo ni ndogo mno, na mara nyingi dereva hawezi hata kuihisi. Anachokihisi ni mlio, naye anaudhania kuwa mbio. Debe tupu haliachi kuvuma. Tena kuna hatari ambayo haisemwi sana: bomba likikatwa fupi, likaishia chini ya viti, moshi unaweza kuingia ndani ya gari lenye sakafu iliyotoboka kwa kutu. Ndani ya moshi huo mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inayoua.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Masikio na moyo wa mtu wa Katanga havikuumbwa tofauti na vya mtu wa Ulaya. Anayekatizwa usingizi usiku baada ya usiku anaumia, hata kama asubuhi anacheka na jirani zake.

Kuna na wale ambao kwao jambo hili ni zito zaidi. Mafuta yasiyoungua yakilipuka ndani ya bomba lisilo na sailensa, hutoa mshindo unaofanana na risasi. Kwa kijana aliye kwenye usukani huo ni mchezo. Kwa mtoto aliyekimbia vita Beni, Bunia au Goma, ni sababu ya kujificha chini ya kitanda. Nchi ambayo watu wake wengi wanaujua mlio wa bunduki haipaswi kuufanya kuwa burudani.

Je, sheria inakosekana? Hapana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao Kongo imeukubali, unadai kila gari lenye injini liwe na sailensa inayofanya kazi. Nchi pia ina kanuni yake ya barabara, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Shida iko katika namna ya kuitumia.

Hapo ndipo lazima kuwa na haki. Si kila gari linalopiga kelele limefanywa hivyo kwa majivuno. Dereva wa teksi ambaye bomba lake limeliwa na kutu, au limevunjika kwenye mashimo ya barabara, mara nyingi hana franga za kununua sailensa nyingine. Fundi anamsaidia kwa kipande cha chuma ili arudi kutafuta chakula cha watoto. Polisi wa barabarani wakianza na huyo, huku jipu lenye vioo vyeusi likipita likinguruma bila kuguswa, wakaaji wataona usumbufu mpya tu, na watakuwa na haki ya kusema hivyo.

Basi wakuu wa mji waanze juu, si chini. Mwenye gari aliyeondoa sailensa kwa kupenda alipe faini kwenye akaunti ya serikali na kupewa risiti, kisha arudishe alichokitoa kabla ya kurudi barabarani. Teksi iliyoharibika ipewe muda wa kutengenezwa. Mafundi nao waelezwe kwamba kazi hiyo imekatazwa, ili wapate neno la kumjibu mteja anayewasukuma. Na ukaguzi wa magari uangalie chini ya gari, usiishie kwenye karatasi.

Kijana ana haki ya kupenda gari lake. Lakini barabara ni ya watu wote, na usiku pia ni wa watu wote. Gari zuri linaonekana likipita. Halina haja ya kuwaamsha wagonjwa wa Sendwe ili wajue kwamba mwenyewe amefika.