Ginipigi mgonjwa asipewe dawa ya mtoto

Si kila familia inayoishi katika nyumba ya ghorofa inayoweza kufuga mbwa. Ndiyo maana wazazi wengine huwanunulia watoto wao ginipigi, mnyama mdogo asiye na mkia ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita simbilisi. Ni mpole, hali chakula kingi, na mtoto wa miaka minane aweza kumtunza akisaidiwa. Tatizo lake ni moja: hajui kulalamika.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako jamaa zake wa porini huwindwa na ndege na wanyama wakali. Huko anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza. Kwa hiyo huficha maradhi mpaka azidiwe, na mwenye kungoja amwone ameanguka kizimbani atakuwa amechelewa.

Mimi ni daktari wa binadamu wala si wa mifugo. Lakini mara kwa mara mzazi aliyemleta mtoto mwenye kikohozi huniuliza, akiwa tayari ameshika mlango, kama anaweza kumpa ginipigi matone machache ya dawa iliyobaki kwenye chupa. Jibu langu ni la, tena la mkazo.

Amoksilini, ambayo haikosi katika kabati za nyumba nyingi, ni ya jamii ya penisilini, na dawa hizo zikinywewa humuua ginipigi. Huangamiza vijidudu vyema vilivyo tumboni mwake, vile vinavyomsaidia kumeng'enya nyasi, kisha vijidudu vibaya huchukua nafasi na kutoa sumu. Mnyama huharisha na aghalabu hufa katika siku chache. Wataalamu wa Oxford walipoijaribu penisilini mwezi Mei 1940, waliwadunga panya wadogo, nao wakapona. Lau wangechagua ginipigi, pengine dawa ile iliyookoa mamilioni ya watu ingetupwa.

Basi badala ya kutafuta chupa, mzazi ajifunze kutambua dalili mapema. Chombo bora ni mizani ya jikoni. Ginipigi huzaliwa macho wazi na manyoya kamili, akiwa na takriban gramu 70 hadi 100, na mkubwa hufikia gramu 700 au zaidi. Katika miezi ya kwanza anatakiwa kuongezeka kila wiki. Mpime kila Jumamosi na uandike. Mchanga anayepungua uzito ni mgonjwa hata kama macho yanang'aa. (Jike anayenenepa upesi mno naye achunguzwe, kwa maana huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki chache tu!)

Dalili inayonitia hofu zaidi ni kukataa kula. Tumbo la mnyama huyu halikuumbwa kupumzika. Lataka nyasi mchana na usiku. Akipitisha nusu siku bila kula, ama mavi yakapungua au yakawa ya majimaji, usingoje kesho. Kadhalika, tazama kama amejikunyata pembeni manyoya yamesimama, kama kidevu kimelowa mate, kama anatokwa na makamasi, au kama anapumua kwa sauti.

Kuna dalili nyingine ambayo sisi madaktari wa binadamu twaielewa vizuri. Ginipigi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Ni kwake yeye ambapo Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe walikiona kiseyeye mwaka 1907, baada ya kumlisha nafaka. Akichechemea, akilia anaposhikwa miguu, au viungo vikivimba, huenda ni kiseyeye. Chakula cha sungura cha dukani hakimfai, kwani sungura hujitengenezea vitamini hiyo. Kipande cha pilipili hoho isiyowasha kila siku, na majani kidogo ya sukuma wiki, vyatosha kuzuia balaa hilo.

Nimewasikia wazazi wakisema kwamba daktari wa mifugo atatoza pesa nyingi kuliko bei ya mnyama mwenyewe. Ni kweli. Lakini mtoto hahesabu hivyo. Ninayemlaumu zaidi ni muuzaji dawa anayetoa antibiotiki bila cheti cha daktari, na akiulizwa kuhusu mnyama, husema kata kipimo nusu. Mtoto atakayemzika ginipigi wake atajua ni mkono wa nani uliompa dawa.

Walio Nairobi wanaweza kwenda kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Na iwapo mtoto ataota choa mkononi huku ginipigi akinyonyoka manyoya usoni, wote wawili watibiwe kwa pamoja: mtoto aletwe kwetu, mnyama apelekwe kwa daktari wake.