Maji ya Kilosa, Hasara ya Tabora
Na Zuhura Kasanda

Machi 1872 Henry Stanley aliagana na Livingstone hapa Tabora, akashika njia ya misafara kurudi pwani. Bonde la Mkondoa, Kilosa, alilikuta limefurika, vijiji vimesombwa. Wajerumani wakaja kutandika reli kwenye bonde hilohilo, nayo ikafika Tabora mwaka 1912. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliibomoa kati ya Kilosa na Gulwe, safari za Reli ya Kati zikakatika kwa miezi.

Kinachoniumiza ni namna tunavyohesabu. Mafuriko yakipita tunataja waliofariki, nyumba zilizoanguka na ekari zilizozama, yote pale maji yalipofika. Lakini Tabora ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma. Tuta la reli likisombwa Kilosa, mzigo wa Kaliua na Uvinza unalala stesheni au unapandishwa lori kwa nauli kubwa zaidi, na mchuuzi anakula mtaji wake ilhali kwake halikuingia hata tone. Hiyo nayo ni hasara ya mafuriko. Nani anaiandika?

Hata pale maji yalipofika, hesabu ina kasoro. Wataalamu wa kukadiria mafuriko huingiza kwenye kompyuta mvua, mwinuko wa ardhi na upana wa mto, wakapata kina cha maji kila mahali. Kisha hutazama jedwali linaloonyesha maji ya kina fulani huharibu jengo kwa kiasi gani. Majedwali ya kuazima siyaamini. Nyumba ya zege maji yakifika magotini hupoteza samani na rangi. Ya tofali mbichi, ambazo huku kwetu ni nyingi, ikilowa chini huporomoka yote. Majedwali yetu yatokane na kuta zetu.

Shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilikwisha kuchunguza namna ya kuikinga Reli ya Kati na mafuriko, kazi ya maana sana. Sasa kamati za maafa za Tabora na Kigoma nazo zidai nafasi katika hesabu: ziandike siku ambazo treni haikuja, bei zilizopanda na mizigo iliyooza.

Nawe msomaji, maji yakiingia kwako, kabla hujaosha ukuta pima alama ya tope kutoka sakafuni, andika na tarehe, umpelekee mtendaji wa kijiji au mtaa. Bila vipimo hivyo, makadirio ya kompyuta hayana cha kulinganishwa nacho.