Wanafunzi Mbele ya Wenye Elimu

Hapa Bukavu vyuo havikosekani: Chuo cha Ualimu, ISP, tangu mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu 1989. Mwanafunzi anayemaliza hupewa jambo la kuchunguza, aliandike, kisha alitetee mbele ya walimu wa elimu yake.

Lakini katika mkutano wa elimu mbalimbali kazi ni ngumu zaidi. Tazameni Funu, ambako ardhi husogea polepole chini ya nyumba za watu. Mwanafunzi wa elimu ya miamba hupima udongo na maji. Wa sheria huuliza ni nani aliyetoa hati ya kiwanja pale. Wa uganga huwaza habari za majeruhi. Nyumba yenye ufa ni ile ile moja. Basi kijana asimamaye mbele ya wote hao hawezi kujificha nyuma ya maneno ya ufundi wake. Jasho litamtoka, nasi twaona ni haki.

Lawama yetu ni moja. Hayo yote husemwa kwa Kifaransa, na mama aliyeuza unga wa mihogo ili alipe ada ya masomo haambulii neno. Enyi vijana, mkirudi nyumbani mwelezeni kwa Kiswahili au kwa Kimashi, mkangoje maswali yake. Huenda ndiye alalaye katika nyumba ile yenye ufa.