Mafuta ya Gia Yaliyoingia Maji

Ndugu askari, gari la gia za otomatiki aghalabu hutoa onyo kabla ya kufa. Mafuta yake kwa kawaida ni mekundu maangavu. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukayakuta yamegeuka kama maziwa ya rangi ya waridi, tambua kuwa maji ya rejeta yamepenya, kwani katika magari mengi mafuta hayo hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo.

Wako wenzetu ambao, wawapo likizoni nyumbani, hufungua bolti ya chini, humwaga kilichotoka, hujaza mapya na kujipongeza. Huko ni kujidanganya. Kinachotoka ni sehemu tu; mengi hubaki katika konveta na mabomba ya kupozea. Aidha, rejeta iliyotoboka itayachafua mapya kama ilivyoyachafua ya zamani. Adui hafukuzwi kwa kufagia nyayo zake huku mlango ukiachwa wazi.

Hivyo basi, usiliendeshe. Badili rejeta kwanza, safisha mabomba, kisha badili mafuta na chujio, tena na tena, hadi yatoke mekundu safi. Tumia aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Maji yakikawia, sahani za klachi hubanduka, na hapo mafuta mapya hayataliponya.

Na gari la kikosi je? Hilo usiliguse. Toa taarifa karakana, hata kama kosa ni lako. Aibu ya kukiri ni ya siku moja. Likikwama njiani na majeruhi ndani, lawama haitakwisha.