Je, kisu ndicho dawa ya unene?

Huenda nawe umesikia habari za watu walioingia hospitalini wakiwa wanene, wakapasuliwa tumbo, na baada ya mwaka mmoja nguo zao zote zikawa zinawapwaya. Swali ambalo sisi madaktari huulizwa mara kwa mara ni hili: "Daktari, mimi nimenenepa kidogo tu. Je, nami nafaa kupasuliwa?"

Kwanza tuelewane kuhusu hicho "kidogo". Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 82 atapata 32. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 huo ni unene wa kudhuru afya. Ninaowazungumzia leo ni walio kati ya 30 na 35.

Zamani watu hawa hawakufikiriwa. Mwaka 1991 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema upasuaji ni wa aliyefika 40, au 35 ikiwa tayari ana maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vililegeza masharti: aliyefika 35 anafaa hata bila maradhi mengine, na aliye kati ya 30 na 35 afikiriwe, hasa akiwa na kisukari.

Sababu ipo. Upasuaji huu haupunguzi chakula tu, bali hubadilisha homoni za njaa na za sukari. Huko Cleveland, Marekani, wagonjwa 150 wa kisukari walifuatiliwa, wengine wao wakiwa na kipimo cha 27 tu. Baada ya miaka 5, sukari ilishuka hadi kiwango kilichokusudiwa kwa 29 kati ya kila 100 waliounganishiwa utumbo. Kwa waliotumia dawa pekee walikuwa 5. Basi anayesema upasuaji huu ni urembo wa matajiri amekosea. Lakini tazama pia upande wa pili: 71 kati ya 100 hawakufikia kiwango hicho.

Maoni yangu ni haya. Ikiwa kipimo chako ni 32 na huna kisukari, usianzie kwa kisu. Ukipunguza kilo 4 hadi 8 kati ya hizo 82, shinikizo la damu na sukari huanza kushuka. Lakini ikiwa una kisukari, umetumia dawa sawasawa na bado sukari haishuki, muulize daktari wako kuhusu upasuaji bila kuona haya.

Hata hivyo, kabla ya kuitisha harambee au kuuza ng'ombe, jiulize: nikitoka hospitalini, nani atanifuatilia? Katika upasuaji mmoja wapo, karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo hukatwa na kutupwa. Haurudishwi. Utahitaji vitamini na kupimwa damu maisha yako yote, na lishe yenye mayai, samaki, maharagwe au nyama, kidogo kidogo kila siku. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au zaidi.

Sasa fikiria mtu wa hapa Taru. Kutoka hapa hadi Nairobi ni takriban kilomita 400. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, nyumba nyingi za huku zilikosa hata sima ya kutosha, sembuse mayai ya kila siku. Aliyepasuliwa akikosa lishe na vitamini hupungukiwa damu, na mishipa ya fahamu ikadhurika.

Usidhani unene ni wa Diani na Mombasa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha mwanamke 1 kati ya 3 nchini ana uzito uliozidi. Ule wa 2022 ulipata 45 kati ya 100 miongoni mwa wenye miaka 20 hadi 49. Hapa kando ya barabara kuu, soda, chipsi na mahamri hupatikana hata mwaka ambao shamba halikutoa kitu, na bodaboda imetuondolea mwendo wa miguu.

Kwa hiyo serikali ya kaunti ihakikishe kila zahanati ina mizani na kipimo cha sukari kinachofanya kazi, kwani wengi hugundua kisukari wakiwa tayari na vidonda miguuni. Nawe msomaji, wiki hii pima uzito, urefu, sukari na presha. Ukishauriwa kupasuliwa, uliza mambo matatu: upasuaji wa aina gani, daktari huyo ameufanya mara ngapi, na utapimwa wapi mwaka wa tano. Usipopata jibu la hilo la tatu, usitie sahihi.