Chris Anatumwa Afrika

Katika masomo yetu ya uchambuzi wa matini tumezoea kuletewa hotuba, hadithi, habari za gazeti, na mara moja moja tangazo la sabuni. Ukurasa wa duka la michezo ya video sijauona bado ubaoni. Nadhani tunakosa kitu. Ukurasa huo una picha ya jalada, una aya moja au mbili za kumvuta mnunuzi, una jedwali la lugha. Ni matini fupi, iliyopimwa neno kwa neno, nayo inasomwa na watu wengi kuliko makala zetu zote tukizijumlisha. Mfano wangu ni Resident Evil 5 wa kampuni ya Capcom ya Japani. Ulitoka Machi 2009 na mpaka leo unauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam.

Niliujua kwa sikio kabla ya macho. Mdogo wangu alikuwa anacheza sebuleni, mimi nikiwa na vitabu vyangu chumbani, mara akaniita: "Yaya, kuya usikie! Bale banasema Kiswahili!" Kweli. Wale aliokuwa anawapiga risasi walikuwa wakipiga kelele, na ndani ya zile kelele mlikuwa na maneno ya kwetu. Yeye alicheka kwa furaha, kama mtu aliyesikia jina la mtaa wake kwenye redio. Mimi pia nilicheka kwanza.

Kwa asiyeujua: askari Mmarekani, Chris Redfield, anapambana na wakaaji wa eneo la kubuni liitwalo Kijuju, ambao kimelea kimewageuza kuwa wauaji. Jina lao katika mchezo ni Majini, na lugha yao ni Kiswahili. Lakini Kijuju imewekwa Afrika Magharibi. Hapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fonolojia angekuwa tayari ameinua mkono. Hata jina lenyewe, kwa sikio langu, ni kiambishi cha ngeli yetu, ki-, kilichobandikwa juu ya "juju", neno la uchawi la pwani ya magharibi. Na "majini", ukilikata vibaya, ni mahali penye maji. Sidhani waandishi walilifikiria hilo.

Mwaka 2007, filamu fupi ya kuutangaza mchezo ilipoonyeshwa, mjadala mkubwa ulizuka: Mzungu mwenye bunduki na umati wa Waafrika mbele yake. Mjadala ule ulikuwa wa haki, na sitaurudia. Ulikuwa mjadala wa picha. Mimi nataka kuzungumza juu ya maneno.

Jalada nitalipita haraka. Chris yuko mbele na silaha yake, Sheva Alomar, mwenzake Mwafrika, yuko pamoja naye, na yote yameogeshwa katika rangi ya vumbi na jua kali. Kama jalada la biashara, linafanya kazi: unajua utashika nini mkononi, unajua mtakuwa wawili, unajua kutakuwa na joto. Sina ugomvi nalo zaidi ya ile rangi, ambayo naona hutumika kila mara mtu akitaka kusema "Afrika" bila kufungua ramani.

Aya ya tangazo ndiyo tajiri. Kwa ufupi inasema kwamba hatari mpya imezuka; kwamba Chris, aliyenusurika mabaya ya zamani, anatumwa Afrika kuchunguza kitu kinachowageuza raia kuwa viumbe vya kutisha; kwamba ataungana na Sheva, wakala wa huko. Sentensi chache, na shujaa, mahali, adui na rafiki wote wamo. Nikipewa kazi ya kuuza, ningeandika vibaya zaidi.

Ila kuna kipimo kimoja ambacho aya hii haiwezi kukishinda, nacho hakihitaji nadharia kubwa. Ifasiri kwa lugha ya wale wanaopigwa risasi ndani ya mchezo. Nilijaribu na wenzangu wawili wa darasa, na tulikwama mapema kabisa, kwenye "anatumwa Afrika". Kwa sarufi sentensi ni safi. Lakini msomaji wa Kiswahili amekaa wapi? Amekaa Lubumbashi, Bukavu, Kigoma, Mombasa. Kumwambia huyo kwamba mtu "anatumwa Afrika" ni kama kumwambia mtu aliye jikoni kwamba mgeni amekwenda jikoni. Lugha yetu inatulazimisha kuchagua kati ya huku na kule, kati ya kuja na kwenda, na kila chaguo linasema msemaji amesimama wapi. Aya ya asili haikuwahi kujiuliza, kwa sababu ilijua mnunuzi hayuko huku. Vivyo hivyo "wakala wa huko". Kwetu Sheva ni mwenyeji tu, na mgeni wa kuelezwa anakotoka ni Chris.

Mwenzangu mmoja alinipinga, na alinipinga vizuri. Akasema: angalia Resident Evil 4 wa 2005. Huko maadui wanasema Kihispania, wanaitwa Ganados, yaani mifugo, na tangazo la dukani linasema tu kwamba shujaa anafika kijiji fulani cha Ulaya. Ulaya nzima, bila nchi! Basi si dharau kwa Afrika, ni tabia ya waandishi wa mfululizo huu. Nilikubali nusu. Kutotaja nchi ni mazoea yao, na hapo nilikuwa nimeanza kulaumu kupita kiasi.

Nusu ya pili iko chini ya ukurasa, kwenye jedwali la lugha. Steam inaonyesha, kwa kila lugha, kama mchezo una menyu, sauti, au maandishi ya chini ya picha katika lugha hiyo. Kwenye ukurasa wa ule mchezo wa nne, Kihispania kimeorodheshwa. Mhispania anaweza kuchukizwa na Ganados, lakini alitazamiwa kama mnunuzi. Kwenye ukurasa wa mchezo wa tano utakuta Kiingereza, Kifaransa, Kijapani na wengine wa kawaida. Kiswahili hakimo. Lugha iliyorekodiwa na kulipiwa, inayosikika kwa saa nyingi, haikuhesabiwa kuwa sauti ya mchezo. Imewekwa kundi moja na mlio wa risasi na mbwa kubweka.

Sisemi kwamba dunia ya michezo inatuchukia. Wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliofungua Civilization IV mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Na huko Yaoundé, Kiro'o Games, waliotoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, walijipatia jina kutoka kwenye neno letu "kiroho", ingawa Kameruni haisemi Kiswahili. Lugha yetu inapendwa kwa kuimbwa na kwa kupamba majina. Kuandikiwa mnunuzi ni jambo jingine: hata ukurasa wa Aurion unamtazamia msomaji wa Kifaransa na Kiingereza. Na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006!

Ile fasiri yetu tuliiacha wiki nzima na alama ya kuuliza. Mdogo wangu aliikuta mezani, akasoma, akashangaa tatizo liko wapi. "Andika tu: anatumwa kwetu." Nimeandika hivyo. Sasa kinachokataa ni kipande kinachofuata, kile cha raia wanaogeuka viumbe vya kutisha, kwa sababu baada ya "kwetu" raia hao hawawezi tena kuwa "wao".