Gorila ni wetu, wageni ni wa wengine

Mtu wa Ulaya ama Marekani anayepanga likizo ya kuona wanyama Afrika Mashariki hupewa njia ileile: simba na nyumbu kule Serengeti, kisha gorila wa Bwindi, Uganda, ama wa Volcanoes, Rwanda. Kibali cha kukaa na gorila saa moja ni dola 1,500 Rwanda tangu 2017, na Uganda ni dola 800 tangu Julai 2024. Hata Nyungwe, hapo tu ng'ambo ya Rusizi, wageni wanapanda kutazama sokwe. Bukavu haimo katika njia hiyo. Sisi wa Kadutu tunaona milima ya jirani kila asubuhi, na pesa inabaki kule.

Lakini gorila mkubwa kuliko wote duniani, yule wa Grauer, haishi Rwanda wala Uganda. Anaishi Kongo peke yake, na makao yake yaliyo karibu nasi ni Kahuzi-Biega: unafika Miti, unapanda hadi Tshivanga. Hifadhi hiyo iliundwa 1970, na Adrien Deschryver alikuwa wa kwanza kuzoesha gorila hao macho ya watu, wakati majirani walikuwa hawajaanza biashara hiyo. UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vya miaka ya 1990 viliua karibu nusu ya gorila wa upande wa milimani, na tembo wa huko karibu waishe kabisa.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mgeni yeyote aje leo. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu si mlango tena wa msafiri wa likizo. Maoni yangu ni juu ya kile kitakachokuwa bado kimesimama siku barabara itakapotulia.

Kwa maana msitu unaingia Kadutu kwa magunia. Kila mtu anayepika kwa mbabula hapa anajua makala inatoka milimani, na sehemu yake inatoka ndani ya hifadhi. Watu wa mashirika wakija na mikutano yao wanamnyooshea kidole mama aliyekimbia kijiji chake, anayeuza makala kwa vikopo ili watoto wale jioni. Mimi nakataa hukumu hiyo. Yule mama hana msumeno wala lori. Miti mikubwa inaangushwa na wenye nguvu, mbao na makala zinapita vizuizi kwa kulipa, na anayelipwa kizuizini haulizwi kitu. Wanaotaka kuokoa msitu waanzie kwenye lori. Na familia zilizohama zikipewa unga na maharage, zipewe pia kitu cha kupikia, maana hakuna anayekula maharage mabichi.

Kuna wengine waliohama kabla yetu sote. Batwa waliondolewa msituni miaka ya 1970 bila ardhi nyingine, na mpaka leo wengi wao wanaishi pembeni ya hifadhi kama wageni kwa watu. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: serikali ya Kongo ilivunja haki zao, na inapashwa kuwarudishia ardhi yao. Bado wanangoja. Mtu asije kunieleza kuhusu utalii wa kesho kama mpango wake unamhitaji Mtwa wa kufuata nyayo za gorila tu, na si Mtwa mwenye ardhi na mwenye sauti pesa inapogawanywa.

Na sisi wenyewe? Ulizeni darasa lolote la Kadutu ni watoto wangapi wamewahi kuona gorila. Hata Lwiro, ambako tangu 2002 kuna kituo cha kulea sokwe na nyani yatima, wengi wetu tunakijua kwa jina tu. Wanyama wengi pale ni watoto ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama. Mtoto aliyekimbia Kalehe hahitaji mwalimu wa kumfafanulia jambo hilo.

Ndiyo maana nasema mapema, kabla mtu hajachapa bei mpya: siku Tshivanga itakapofungua mlango kwa amani, mkaaji wa Kivu awe na bei yake kwa franka, si kwa dola. Shule zipewe siku zao. Hesabu ya pesa zinazoingia ibandikwe Miti na Kavumu, mahali wakulima wanaopakana na hifadhi wanaweza kuisoma. Na basi la kwanza lipakie watoto hapa sokoni Kadutu.